Vigingi vya Mama Zubeda

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Arua, Uganda, msimamizi mkuu wa ujenzi alinikabidhi nondo iliyochongwa ncha. Kabla ya kuchimba msingi unaichoma ardhini hatua kwa hatua. Ikizama upesi, udongo ni laini na ukuta utapasuka. "Sikiliza kwa mkono, fundi," aliniambia. "Hayo masikio yako ni ya kusikia ngoma tu." Nilicheka. Nilikuwa na kiburi siku hizo.

Nilijenga Vurra, nikajenga Ajia, na nilipokaribia kustaafu nikapelekwa kijiji kimoja cha Koboko. Mto ulikuwa umefurika na kuangusha nyumba za udongo za watu waliorudi zamani kutoka ukimbizini. Tulizijenga upya kwa matofali, juu ya msingi ulioinuliwa. Kukuta chuma ardhini hakukutushangaza, maana wakati wa vita watu walifukia masufuria, hata cherehani, kabla ya kukimbilia Kongo. Vijana wangu walifurahi kila tulipofukua kitu.

Mama Zubeda, mjane wa askari, aling'oa vigingi vyangu vya kupimia msingi mara tatu.

"Weka kule," alisema, akionyesha pembe nyingine ya kiwanja.

"Kule maji yanatuama, mama. Hapa kuna kaburi?"

"Kaburi hakuna."

Basi nikamwona msumbufu tu. Nikavirudisha vigingi, nikachoma nondo. Ikagonga chuma. Vijana wakapiga kelele, "Sufuria ya mama hiyo!" Nikainua nondo nipige tena, kwa nguvu zaidi.

Akaudaka mkono wangu. "Fundi, wacha! Hii si sufuria. Iko mabomu. Bwana yangu alizika hapa."

"Mbona hukusema?"

"Mi naogopa. Wakisikia watafunga mimi, na nyumba hamutajenga tena."

Sioni haya kusema kwamba nilijikojolea. Tulirudi nyuma mmoja mmoja, tukikanyaga nyayo zetu wenyewe, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Askari wa kutegua mabomu walitoa matano, ya kurusha kwa mkono. Moja lilikuwa na mkwaruzo mpya.

Msimamizi yule yule, sasa mzee, alikuja kutoka Arua. "Aling'oa vigingi mara ngapi?"

"Mara tatu, mkubwa."

"Na wewe ukarudisha mara tatu."

Mficha uchi hazai, wanasema. Nadhani aliyesema hivyo hakuwahi kuogopa jela. Nimestaafu sasa, na hasira yangu juu ya yule mama imekwisha. Iliyobaki ni juu yangu mwenyewe.

Majuzi nilimtembelea. Ukuta tuliomjengea palepale haujapasuka popote. Akanimiminia chai, akanieleza kwamba kabla ya mafuriko, miaka yote ile, mabomu yalikuwa chini ya mkeka wa watoto wake.

"Mi nilifagia hapo na mkono, polepole. Mtoto akiruka, nachapa."

Wajukuu wake wakaingia wakaanza kurukaruka sakafuni. Yeye alishika kikombe, mimi nikashika kiti, mpaka walipotoka nje.