Mzee Jicho na Mtego wa Makohozi

Mzee Jicho alikuwa anakohoa. Hakikuwa kikohozi cha kutikisa kuta. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, cha adabu, kama cha mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Kila nilipomwambia, "Mzee, hicho kikohozi kimekaa sana," alinijibu bila kuinua kichwa: "Ni moshi wa dawa hizi, mama. Ungekuwa unachemsha rangi kama mimi, ungekohoa hata wewe."

Mimi ni mwanamke wa dirishani, kwenye maabara ya hospitali yetu. Kazi yangu ni kupokea vikopo. Mkojo, choo, makohozi, vyote hupitia mkononi mwangu, vingine vimefungwa vizuri na vingine vimefungwa na watu wasionitakia mema. Ukikaa dirisha lile miaka mingi unapoteza subira. Nasema mapema ili mtu asije akashangaa ulimi wangu huko mbele.

Nyuma yangu, kwenye meza ya pembeni, alikaa Mzee Jicho na hadubini yake. Yeye ndiye aliyekuwa akisaka kifua kikuu. Anachukua makohozi kidogo, anayapaka kwenye kioo, anakipitisha juu ya moto, anamwagia rangi nyekundu na kuipasha, anaosha kwa tindikali, kisha anamalizia na rangi ya buluu. Kama bakteria wa kifua kikuu wamo, tindikali haiwezi kuwavua ule wekundu. Kila kitu kinakuwa buluu, wao wanabaki vijiti vyekundu. Mzee alikuwa akiwaita wageni. "Hapa kuna wageni," alisema, na mimi nilijua kuna mtu nje kwenye benchi ataanza dawa leo.

Alikuwa hodari, nani atabisha? Lakini sifa alizipenda kupita kiasi. Hadubini ile hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mkewe aliifumia kofia ya sufu, na jioni kabla ya kwenda nyumbani Mzee aliivika taratibu, akiivuta pande zote mbili isipate vumbi. Nimezaa watoto wanne na hakuna aliyevikwa kofia kwa mapenzi yale.

Ndipo ikaletwa mashine. Haikuwa na sura ya kutisha mtu. Lilikuwa boksi la kijivu lenye milango minne midogo, ungedhani ni kabati la viatu vya watoto. Ilikuja na binti aliyetoka masomoni, mpole, mwenye sauti ya chini, ambaye sote tulimwita Mtaalamu, wengine kwa heshima na Mzee Jicho kwa kejeli. Binti alituonyesha. Unachanganya makohozi na dawa ya maji, unamimina kwenye katriji, kijikopo chake cha plastiki, unaifunga, unaitumbukiza nyuma ya mlango mmoja, basi. Kabla saa mbili hazijaisha, mashine inakwambia kama kuna kifua kikuu, na kama ni kile sugu kinachoicheka dawa yetu kubwa.

"Haina jicho," alisema Mzee. "Inaonaje?"

"Haioni, mzee wangu. Inatafuta vinasaba vya bakteria."

"Kwa hiyo inanusa."

"Tuseme hivyo."

"Hata mbwa ananusa, binti. Lakini hatujampa mbwa koti jeupe."

Daktari mkuu, ambaye hapendi ugomvi kwa sababu unamchelewesha chakula cha mchana, aliamua hivi: kwa mwezi mmoja kila makohozi yatapimwa mara mbili, kwa jicho na kwa mashine. Kisha tutakaa kikao. Mashine ikifanya vizuri, meza ya pembeni, ambayo ndiyo yenye soketi nzuri, itakuwa yake, na Mzee atahamia chumba cha mkojo.

Mzee Jicho hakulalamika. Alirudi kwenye kiti chake akaivua hadubini kofia, akaivika, akaivua tena. Nilimwelewa. Mtu amejulikana mji mzima kwa kazi moja, halafu uzeeni anaambiwa akachovye vijikaratasi kwenye mkojo.

Mwezi ukaanza. Palipokuwa na wageni wa Mzee, mashine nayo iliwaona. Hapo hapakuwa na neno. Tatizo likawa wale ambao Mzee alisema ni wasafi na mashine ikasema wanaumwa. Hawakuwa wengi, lakini walikuwepo, na kila alipotokea mmoja Mzee alitangaza kwamba mashine inaota. Alilisema maabara, akalisema kantini, akamwambia mlinzi wa getini, ambaye tangu siku hiyo alikuwa akipita dirishani kwangu kuuliza, "Vipi, ile imeamka?"

Asubuhi moja, siku chache kabla ya kikao, nikamwona Mzee amesimama nje ya dirisha langu, upande wa wagonjwa, ameshika kikopo.

"Nipokelee hiki, mama."

"Cha nani?"

"Cha mtu."

"Mtu ana jina, mzee."

"Weka namba tu. Huyu namfahamu tangu alipozaliwa. Ni mzima wa afya. Nataka tuone hiyo ndugu yenu itasema nini safari hii."

Nikaelewa ni mtego. Alikuwa ametafuta makohozi ambayo yeye mwenyewe anayaapia, ili mashine ikiota tena aishike shingo mbele ya watu. Akakohoa, akageukia ukutani. Ningekuwa na akili ya kujumlisha ningejumlisha pale pale, lakini foleni ilikuwa ndefu, na mwanamke aliyemfuata alikuwa ameniletea choo kwenye chupa ya manukato na tulikuwa na mengi ya kuzungumza.

Kikao kilifanyika pale pale maabara, tumesimama, kwa sababu viti havitoshi. Mtaalamu alisoma majibu kwa sauti yake ya chini. Jicho hivi, mashine hivi. Alipofika kwenye kile kikopo kisicho na jina, akasema: "Kwa hadubini, hakuna bakteria. Kwa mashine, kifua kikuu kipo, ila ni kidogo sana."

Mzee Jicho akapiga meza.

"Hapo!" akasema. "Hapo ndipo nilipokuwa napataka. Daktari, sikiliza. Mtu huyu nimempima mimi kwa mkono wangu, asubuhi tatu mfululizo, kioo baada ya kioo. Msafi. Anakula vizuri, analala, anapanda ngazi za hospitali hii bila kupumzika. Jioni anambeba mjukuu wake mgongoni mpaka mtoto alale. Huyu ndiye mgonjwa?"

Alicheka sana, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Daktari mkuu alianza kutikisa kichwa. Nilidhani mashine imekwisha habari yake.

"Mzee wangu," akauliza Mtaalamu, "mtu huyu anakohoa?"

"Kidogo tu. Ni moshi wa..."

Akaitazama hadubini yake.

"Wa dawa," nikamalizia mimi. Sikukusudia. Ulimi wangu haujawahi kunisubiri.

Basi wote tukawa tumefika mahali pamoja na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Fundi wa umeme, aliyekuja kwa ajili ya soketi tu, akashusha ngazi yake polepole akasogea mlangoni. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini hawakusema wanaomtazama waweke wapi macho.

"Ni nani mtu huyo?" akauliza Daktari.

Nilimwona Mzee akiutafuta uongo, na uongo haukuwa mbali. Angesema vikopo vilichanganyikana dirishani. Lawama ingeniangukia mimi, mashine ingeonekana mropokaji, na meza ingebaki yake mpaka astaafu. Alinitazama. Nami nikajiandaa, maana siku hiyo kama angenitaja ningemwambia maneno ambayo hayajaandikwa popote.

"Huyo mjukuu," Mtaalamu akauliza, "ana umri gani?"

"Hajatimiza mwaka," alisema Mzee.

Akavua miwani. Akaifuta kwenye koti, akaivaa, akaivua tena.

"Makohozi ni yangu," akasema.

Hakuna aliyecheka, ingawa ukweli lazima usemwe, fundi wa umeme alitoka nje kwa haraka kidogo. Mtaalamu hakujisifu hata kwa nusu neno. Alimpa Mzee kikopo kipya na kumwomba atoe makohozi mengine, nje, penye hewa, ili mashine irudie. Mzee akaenda kama mgonjwa yeyote.

Yale makohozi mapya akayagawa. Sehemu akampa Mtaalamu, sehemu akaipaka kwenye kioo, akapasha rangi yake, akaosha, akainama kwenye hadubini. Alikipekua kile kioo kuanzia pembe hadi pembe, mstari kwa mstari, wakati mashine inanguruma upande wa pili. Mara akaniita.

"Njoo utazame."

Kwa miaka yote ile hakuwahi kuniruhusu. Nikainama. Nikaona buluu, na buluu, na buluu tena.

"Unaona wageni?"

"Sioni kitu, mzee."

"Hata mimi sioni." Akainama tena. "Mama, hata mimi sioni kitu."

Alikuwa anaogopa. Na mimi niliogopa naye, kwa sababu katika jengo lile macho yake ndiyo tuliyokuwa tukiyategemea.

Mashine ilipomaliza, jibu likawa lile lile. Mtaalamu akavuta kiti akakaa karibu naye. "Hukukosea, mzee wangu. Ili jicho liwaone bakteria lazima wawe maelfu. Mashine inawanasa wakiwa bado wachache. Nawe umewahi, na wako si sugu. Dawa zinawamudu."

"Kwa hiyo wale wote niliowaambia ni wazima," akasema Mzee.

"Uliwaambia ulichokiona," akasema binti.

"Niliwaambia waende nyumbani."

Daktari mkuu, kwa kutaka kumpunguzia, akasema hadubini haitupwi. Wagonjwa walio kwenye dawa bado watafuatiliwa kwa jicho, kwa sababu mashine hunasa hata vinasaba vya bakteria waliokwisha kufa, haijui nani hai na nani maiti.

Mzee akainua kichwa. "Inahesabu na marehemu?"

"Ndiyo."

"Nilijua ina kasoro," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu kikao akapata nguvu ya kupumua. Halafu akaomba simu yangu, akampigia mkewe. Alimwambia amlete mjukuu hospitali apimwe, na akamwambia kwa nini. Nilisikia upande wa pili ukianza kusema, na haukunyamaza mpaka mkewe mwenyewe alipoingia getini na mtoto begani.

"Moshi wa rangi," alisema hata kabla ya salamu. "Unakohoa kitandani kwangu miezi, unaniambia moshi wa rangi. Kitandani nilichemsha rangi mimi? Na mke mwenzangu huyu umemkoholea mgongoni kila jioni. Nipishe huko."

Wakampima mtoto. Kifua kilikuwa safi, uzito mzuri, hana homa. Walimpa dawa ya kumkinga, na bibi akaelekezwa jinsi ya kumpa. Naye bibi alipimwa, akawa mzima, jambo lililompa nguvu mpya ya kugomba. Mzee akapewa dawa zake na barakoa, na akaambiwa asimbebe mtoto mpaka dawa zifanye kazi, wiki za mwanzo.

Bibi na mtoto walipotoka, Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, mwisho kabisa, peke yake. Mtoto alimtambua hata na ile barakoa. Akapiga kelele ya furaha, akajipinda begani kwa bibi, akamnyooshea mikono yote miwili. Bibi akasimama. Kugomba kukamwisha.

Mzee Jicho aliinuka, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akaingiza mikono mifukoni mwa koti.

"Mpeleke nyumbani," akasema. "Jua kali."

Hapakuwa na jua, mawingu yalikuwa yamefunga tangu asubuhi. Bibi alisema, "Sawa, baba," akageuka. Mtoto akaanza kulia, akilia huku ameangalia nyuma, mikono bado ameinyoosha, na Mzee akabaki pale ukutani mpaka walipopita geti, mikono yake ikiwa ndani ya mifuko, ameikunja ngumi.