Asubuhi Bodi Ilipokataa Moto

Januari ile ya 2014 Anicet Birindwa alikuwa na kitu kimoja tu cha kuuza, nacho ni mikono yake. Kule Bukavu aliiuza miaka kumi na tisa: redio, runinga, simu, chochote chenye waya. Hapa Burnsville, Marekani, hakumpata mnunuzi. Alipewa kazi ya kupanga maboksi kwenye ghala moja la mji jirani wa Savage akaichukua bila kununa, maana kodi ya nyumba haiulizi ulikuwa nani kwenu.

Ndipo Alfred, Mkenya aliyesali naye kanisa moja, akamletea neno. Karakana ya kampuni yake huko Eden Prairie inatafuta fundi wa umeme. Mkuu wa karakana ni mama mmoja asiyetazama vyeti. Anataka mtu alete kitu alichokiunda mwenyewe, akiwashe mbele yake, aeleze. Alhamisi, saa nne asubuhi.

Anicet alikuwa nacho. Alinunua kompyuta ya bodi moja, ukubwa wake kama kadi ya benki, akaiunganisha na kipimajoto na swichi. Kwa baridi ya Minnesota magari hulala yamechomekwa kwenye hita ya umeme ili injini isigande, na watu huiacha hita hiyo ikila umeme usiku kucha. Bodi ya Anicet ilipima baridi yenyewe na kuiwasha hita pale tu ilipohitajika. Jumatano aliilaza ndani ya gari ifanye kazi, apate kusema imejaribiwa. Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akatoka, akaichomoa, akarudi nayo mbio jikoni, akaichomeka mezani.

Taa yake nyekundu ya kuonyesha umeme haikuwaka.

"Iko nini?" aliuliza mkewe, Générose, akiwa na sufuria ya chai mkononi.

"Inakataa moto."

"Jana si iliwaka?"

"Jana ni jana, Mama Reine."

Alianza anapoanzia kila fundi, nje kwenda ndani. Alibadili soketi. Alibadili chaja, akachukua ya simu ya mkewe. Alibadili waya. Aling'oa kipimajoto, akang'oa swichi, bodi ikabaki uchi. Akatoa hata kadi ya kumbukumbu, ingawa alijua taa ile haiihitaji kadi. Mkono wenye hofu hufanya na yasiyo na faida. Kisha akachukua mita. Kabla ya fyuzi ya bodi, volti tano kamili. Baada ya fyuzi, karibu sifuri.

Akampigia Alfred.

"Mzee Anicet, hiyo fyuzi haiungui," Alfred alisema, bado ana usingizi. "Inajifunga yenyewe ikizidiwa, alafu inajifungua ikipoa. Kuna shoti mahali. Haijaingia maji?"

"Maji ya wapi? Nimeitoa kwenye gari sasa hivi."

"Gari iko nje?"

"Sasa gari itakuwa kitandani?"

"Na ukaichomeka hapo hapo? Ai, mzee! Kitu ikitoka kwa baridi kama hii ikaingia kwa joto, inatoka jasho. Hujaona miwani yangu nikiingia kanisani? Hiyo maji iko chini ya chipu. Chomoa, iache ikauke. Usiiguse."

"Mpaka saa ngapi?"

"Masaa mawili. Ama kesho. Hakuna mtu anajua."

"Kesho hawaajiri, Alfred."

"Najua. Lakini usiiguse, nakuomba."

Bukavu hakuna anayefundishwa kwamba kifaa hutoka jasho kwa baridi. Kule adui wa mashine ni vumbi, na umeme unaokuja umechoka halafu ukakurupuka. Anicet alimjua kila adui aliyekula mashine katika mji ule. Huyu wa hapa hakuwahi kutambulishwa kwake.

Alikaa. Kuna kazi ngumu, na kuna kukaa. Générose akamletea mashine yake ya kukaushia nywele, wakapuliza upepo wa moto hadi bodi ikapata joto kama mkate, lakini upepo ulipita juu na maji yalikaa chini. Saa tatu na dakika tano akachomeka tena. Kimya. Mwendo wa kwenda Eden Prairie, kwa barabara yenye barafu, ulihitaji dakika arobaini.

Basi akafanya alichofanya Bukavu mara elfu. Kule, fyuzi ni polisi wa barabarani: ukishamzoea unapita kando. Mteja amesimama, anataka redio yake, unachukua uzi mmoja wa shaba, unaunga huku na huku, muziki unalia, analipa, anaondoka. Anicet akawasha chuma cha kulehemu.

"Alfred si amesema usiiguse?"

"Alfred ni mtu wa kompyuta, Mama Reine. Mimi ni mtu wa umeme."

Akaunga uzi. Akachomeka. Taa nyekundu ikawaka, nzuri, nyekundu ya nyanya, na Générose akapiga kofi moja la furaha. La pili halikufika. Harufu ilitangulia, kisha moshi mwembamba ukapanda kutoka katikati ya bodi. Bila fyuzi ya kuuzuia, umeme wote ulikuwa umepita penye maji. Générose akafungua dirisha, na baridi ikaingia kama mdai.

Hata hivyo akaenda. Alivaa koti la kanisani, akaiweka bodi kwenye boksi lake, akaendesha.

Mama wa karakana alikuwa na mvi, mpole, mwenye lenzi kubwa mezani. Anicet alichomeka, ikabaki mfu.

"Imepatwa na nini?" mama akauliza.

Hapo ndipo palipokuwa na bei yote. Katika mtaa wa mafundi alikotoka, fundi hasemi kamwe "nimeiunguza." Aliyesema hivyo alilipa redio ya watu, na kufika Jumapili mtaa mzima ulikuwa umeacha kumpelekea kazi. Kuna jibu moja, wanafunzi hulijua kabla ya kujua kushika bisibisi.

"Ilikuja hivi," Anicet akasema. "Nimeikuta imekufa."

Mama akaiinua chini ya lenzi, akaigeuza. Risasi mbichi ya kulehemu iling'aa kando ya fyuzi.

"Na uzi huu wa shaba?"

"Ulikuwapo."

"Lakini si umeiunda wewe?"

Kila kitu kilikuwa mdomoni mwake: volti tano kabla, sifuri baada, jasho, uzi, moshi. Angeweza kuyaeleza hatua kwa hatua, hata kwa Kiingereza chake cha ghalani. Ila bei ukishaitaja, ukiishusha mwenyewe, mnunuzi anajua unaogopa. Akaanza kukunja waya wa chaja. Mama akasubiri kidogo, kwa adabu, kisha akairudisha bodi ndani ya boksi.

"Asante kwa kuja. Tutakupigia."

Alfred, aliyekwisha kusikia kwa yule mama, alimkuta kwenye maegesho, akikwangua barafu kwenye kioo cha gari.

"Kwani kulikuwa na haja gani ya kudanganya, mzee? Si ungemwambia tu umeichoma? Yule mama ana droo nzima ya bodi alizochoma mwenyewe. Huwa anatuonyesha, anacheka."

"Droo nzima?"

"Imejaa mpaka haifungi."

Anicet akaendelea kukwangua barafu. "Mbona hukuniambia jana?"

"Jana nilijua itawaka."

Saa sita alikuwa nyumbani. Shifti ya Savage ilianza saa tisa. Alimwambia mkewe kwamba watapiga simu. Générose, aliyeishi na fundi miaka ishirini, na aliyesikia wateja wangapi wakiambiwa hivyo hivyo mlangoni, akamwekea bugali na maharage mezani, wala hakuuliza watapiga siku gani.