Pipa Lililokohoa Barabara ya Mpui

Wewe cheka tu. Najua mtu akitaja Sumbawanga mnaanza kuulizia ungo na radi, mnajifanya mnaogopa kumbe mnacheka kimoyomoyo. Lakini haya hayakumpata shangazi wa rafiki yangu. Yalinipata mimi, akili zangu zikiwa timamu, na majirani zangu bado wapo hapa mtaani. Nenda kawaulize, kama watakubali kukujibu.

Mimi ni mjane, nalima mboga pembeni ya mji: figiri, kabichi, vitunguu, karoti. Mwaka ule bodaboda iliniangusha, goti likaharibika, nikawa siwezi tena kupanda na ndoo kutoka mtoni. Na kiangazi cha huku Ufipa unakijua? Baridi inaingia kwenye mifupa, upepo unakausha mpaka midomo, na mvua usiiulize. Nikawa natafuta mapipa makubwa ya plastiki nihifadhie maji karibu na bustani. Mapya bei yake haishikiki. Yaliyotumika yakifika tu mjini yanagombaniwa kama mpira wa kona.

Basi nikasikia kuna mapipa yametupwa barabara ya Mpui, karibu na kalavati. Asubuhi nikajifunga kitenge, nikaenda. Ukungu ulikuwa mzito, mbele huoni kitu. Nikalikuta kweli pipa la bluu, zima kabisa, na mfuniko wake upo. Ila pembeni yake alikuwa ameketi bibi mmoja mwembamba, kajifunika shuka jeusi.

Nikajua ameniwahi. Hapo niamini, roho ilinichafuka. Sikumsalimia! Nikaweka kwanza mguu juu ya pipa, ili ajue nami nimelitaka. Yule bibi akainuka polepole, akaja akachuchumaa mbele yangu, akapiga makofi taratibu, vile tunavyowasalimia wakubwa huku kwetu. Bibi wa umri wa mama yangu ananichuchumalia mimi? Nilitamani ardhi inimeze.

"Shikamoo, bibi," nikasema. "Nisamehe, ni shida ya maji."

"Marahaba, mwanangu. Kama unalitaka lichukue. Ila weka sikio kwanza."

"Sikio la nini tena? Si pipa tu?"

"Weka."

Nikafungua mfuniko, nikainamisha kichwa. Harufu hakuna. Halafu nikasikia mtoto anakohoa humo ndani. Kikohozi kikavu, cha kuvuta, cha mtoto anayetafuta pumzi haipati. Na mtoto mwenyewe nilimjua! Alikuwa Tumaini, binti wa jirani yangu, wa miaka mitatu, ambaye hapiti kwangu bila kuomba karoti. Nilikuwa nimemwona asubuhi ileile kwao, mzima, anakimbizana na bata wa mama yake. Nikatoa kichwa, nikachungulia. Pipa tupu, hata panzi hayumo.

"Hilo si la maji," bibi akasema kwa upole. "Njoo nikuonyeshe jingine."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Najua, ungekimbia. Mimi na goti langu ningekimbilia wapi? Nikamfuata. Ng'ambo ya kalavati kulikuwa na pipa jeupe lenye harufu ya mafuta ya kula. Nikaweka sikio, nikasikia kimya tu.

Sasa nikwambie kilichonifanya nimpende yule bibi mpaka leo. Pipa lile alilisukuma kwa unyayo mmoja, mikono kaificha ndani ya shuka, na kile kijia kinapanda! Likifika kwenye shimo linakwepa, likifika kwenye kona linapinda, na juu ya mawe yote yale halikutoa hata mkwaruzo. Nimeshaona mafundi wa kila aina mimi, lakini yule, loo! Na huku anasukuma ananifundisha.

"Goti hilo halitapona kwa kubeba maji," akaniambia, wala sikuwa nimemwambia habari za goti. "Lipasue pipa kwa urefu, upate mahori mawili. Toboa chini. Tandika majani mabichi mengi, kisha udongo juu, kama matuta yetu. Yaoze kwanza, ndipo upande. Maji kidogo yatatosha. Bustani ikae mlangoni kwako."

Kwenye tuta la Kifipa majani huzikwa chini, yakioza ndiyo mbolea. Nimelima hivyo tangu utoto, na kamwe sikuwahi kufikiria tuta laweza kukaa ndani ya pipa.

Tulipofika kwenye nguzo za kwanza za umeme akasimama. "Mimi naishia hapa," akasema. Nikainama nilishike pipa, nikainuka nimshukuru, hayupo. Nikageuka kutazama kijia tulichopita, nyasi zote zimelowa umande. Palikuwa na alama ya pipa na nyayo za mtu mmoja, mguu mmoja umeburuzwa. Zilikuwa zangu.

Hata hivyo nilifanya kama alivyosema, neno kwa neno. Jamani! Figiri ilitoka majani mapana, mororo, nami namwagilia kwa kopo tu, nimekaa kwenye kigoda. Watu wakawa wanakuja kushangaa. Mmoja wao alikuwa Baba Tumaini, dereva wa bodaboda, akayasifia sana mahori yangu. Jioni moja akarudi na pipa kalifunga nyuma ya pikipiki. La bluu.

"Mama, na mimi nimepata!" akanipigia kelele kwa furaha. "Nimeliokota bure kule Mpui. Hili naweka maji ya nyumbani."

"Lilibeba nini?" nikamuuliza.

"Aa, nimelisuuza, halina neno."

Ningemwambia nini? Kwamba nilimsikia mwanawe anakohoa humo ndani? Mjane, naishi peke yangu, hapa Sumbawanga? Kuitwa mchawi huku si utani, watu wanachomewa nyumba. Nilijigeuza kitandani mpaka kukapambazuka. Nilipotoka na jembe langu, nikamwona Mama Tumaini ameshafungua mfuniko wa lile pipa achote maji, ameshika sufuria ya uji, na Tumaini kamng'ang'ania sketi analilia chakula.

Sikufikiri tena. Niliingia uani kwao na goti langu hilihili, nikalipiga pipa jembe la nguvu kwa chini. Maji yakafoka, yakatapakaa ua mzima. Mama Tumaini akapiga yowe. Mumewe akatoka mbio, majirani wakajaa.

"Una wazimu wewe mama? Nimekukosea nini?"

Niliwatukana wote, kwa sababu nilikuwa naogopa. Bata wakayakimbilia yale maji, wakanywa. Kelele hazijaisha, wa kwanza akayumba, akapinduka miguu juu. Kisha wa pili. Mama Tumaini akamnyakua mtoto, akamkumbatia, akanitazama mimi. Hakulitazama pipa.

"Ulijuaje?" akaniuliza.

Nikamweleza ukweli wote, kama ninavyokueleza wewe. Tangu siku hiyo wapo wanaovuka barabara wakiniona. Wanywaji wa pombe ya komoni wamenipa na jina, sitalitaja. Na haohao wakipata pipa wananiletea, nitege sikio.

Kwa hiyo nisikilize. Pipa usilolijua lilibeba nini, liwe zuri vipi, lisiguse maji yako wala mboga zako, na ukilikuta limetupwa litoboe, asije mwingine akalibeba. Na ukikutana na bibi mwenye shuka jeusi kwenye ukungu, msalimie kwanza.

Tumaini sasa anasoma darasa la kwanza. Akipita kwangu anasimama langoni kuomba karoti, na mama yake humwita arudi haraka. Huitika kwa sauti kubwa hiyo, kifua kizima, mtaa wote unasikia. Nami huwa naacha kazi nimsikilize.