Brigid, Jina la Mama

Jumapili, Februari mosi. Theluji ilianguka tangu alfajiri, laini kama unga, na upepo ukawa unaipeperusha kote mjini Burnsville, huku ughaibuni.

Marehemu mama yangu alinijia tena ndotoni. Alisimama pekupeku akanitazama. Kwetu, marehemu akija hivyo kwenye nyumba yenye mtoto mchanga, anataka mtoto apewe jina lake. Binti yangu amejifungua juzi, na kitoto chake bado hakina jina. Labda nilikula nikavimbiwa tu, sijui. Lakini niliogopa.

Mama aliitwa Brigid. Jina hilo alipewa na masista wa Ireland shuleni. Nilipofika kazini mji wa jirani, Apple Valley, nikamsimulia bibi mzee ninayemtunza, maana ukoo wake ulitoka huko. Akacheka. Alisema mtakatifu wa jina hilo aligawia maskini siagi ya kwao mpaka wazazi wakachoka naye. Kisha kicheko kikamwisha.

"Nyanya yangu alikuwa mtumishi wa nyumbani mjini Saint Paul. Hakuitwa Brigid. Ila matajiri waliwaita hivyo wasichana wote wa Ireland, wasisumbuke kujifunza majina yao. Alipopata watoto alilipiga marufuku jina hilo."

Jioni nikamweleza binti yangu yote mawili, la ndoto na la bibi, nisionekane navutia upande mmoja.

"Na Nyanya, kabla ya masista, kwao aliitwaje?" akauliza.

Nikalitaja. Sikumbuki kulisikia tangu tumzike.

"Sasa Mum, kama ni yeye kweli, ametoka huko kote kudai jina la kupewa?"

"Alilipenda Brigid," nikasema, na ni kweli. Alilidarizi kwenye vitambaa vyake vyote. "Usiwaonee masista."

"Basi muulize mjukuu wako, amelia vya kutosha."

Kwetu mtoto akilia huitiwa majina ya waliotangulia, na linalomnyamazisha ndilo lake. Nikainama nikaita Brigid. Akazidi kulia. Nikaita lile la kwao. Kilio kikakatika katikati, kama mtu aliyeshikwa mkono.

"Ni gesi, imetoka," binti yangu akasema, ila sauti ilikuwa chini. Baadaye akaniambia lile la kwao ndilo atakaloandikisha.

Huenda ni gesi. Na kama si gesi, sijui nimemtii Mama au nimemvua jina alilojichagulia kulipenda. Tulikula ugali, omena na sukuma wiki, na mezani hakuna aliyelitamka lile jina la kwao.