Majirani wa Mkuyu

Shangazi yangu, tuliyemwita Mama Viriba, si mtu wa kubembelezwa. Tangu usichana wake alijaza udongo kwenye viriba vya plastiki, kwenye kitalu cha miche pembeni mwa msitu, hadi vidole vikapinda. Ukimpa pole anakuuliza, pole ya nini, umesikia nimelia?

Kila asubuhi alikuta viribani miche asiyoipanda. Ndege walikula matunda msituni, wakaja kutua juu ya chanja la kivuli, wakajisaidia humo humo. Mikuyu, mizambarau, na mingine asiyoijua jina. Amri ya ofisi ilikuwa moja: ng'oa, hayo ni magugu. Akang'oa huku akiwatukana ndege: "Washenzi nyie, choo chenu ni hapa tu?"

Kisha msitu ukakatwa, ikapandwa misonobari mitupu, mistari imenyooka, chini hakuna hata kichaka. Watu wakasifu usafi. Lakini msonobari hauna tunda la kumshibisha ndege, wala tundu la hondohondo kutagia. Ndege wanaokula matunda wakaondoka, wanaokula wadudu wakafuata. Wenzake kitaluni wakahamishwa, mumewe akafariki. Akabaki yeye na bomba la maji. Viriba vikawa safi, hakuna cha kung'oa, na jamani, mwanamke yule aliwakumbuka washenzi wake hadi akakonda.

Asubuhi moja akakuta kiribani mche mmoja wa mkuyu, majani mawili tu. Safari hii hakung'oa. Aliutia kikapuni, akaupanda nyuma ya jiko lake.

Miaka ikapita, akastaafu, sisi tukamtaka ahamie mjini. Akajibu, "Mkuyu ukizaa na ndege wakija, siondoki. Wasipokuja, njooni mnichukue, sitabisha." Tulicheka sana. Shangazi asibishe!

Mwaka huu mkuyu ulizaa, nikatumwa mimi. Nilikuta makuyu yameiva hadi yanadondoka, yameoza chini, yamejaa sisimizi. Shangazi ameketi kwenye ngazi ya jiko, ufagio magotini.

"Hawajaja?" nikauliza.

"Nani aje kwa mti mmoja? Aivuke misonobari yote ile, hana pa kula njiani, hana pa kulala, aje kuonja kuyu halafu aende wapi? Hata wewe, ukija huwa unakaa?"

Iliniuma, nikamnyang'anya ufagio nikafagia mwenyewe, kwa hasira, kama vile makuyu ndiyo yaliyonisema.

Tulingoja hadi jioni. Hata shomoro hakuja. Ahadi ni deni, akafunga mlango, akabeba begi lake mwenyewe.

Sasa anaishi kwangu, ghorofa ya tatu. Roshani yote imejaa mikebe ya maziwa yenye udongo. Kuna mbegu za makuyu aliyokuja nayo mfukoni, kokwa za zambarau za sokoni, na mbegu nyingine anazookota chini ya miti ya mtaani, watu wakimshangaa. Nguo sina pa kuanika.

"Shangazi, miti yote hii ya nini, jamani?"

"Ule umebaki peke yake. Nautafutia majirani."

Miche imeshafika magotini. Kila asubuhi akimaliza kumwagilia ananiuliza tunarudi lini, na mimi huinama, nikijifanya natafuta viatu.