Fundi wa Matangi Akutana na Nyumba ya Samaki

Leo baba karibu anifute kazi ambayo hata si yeye aliniandika.

Niko nyumbani Kasikeu kwa likizo. Baba ni fundi wa matangi ya maji, na ndiye alinifunza kuchanganya simiti. Siku hizi niko Pwani, tunatengeneza mipira mikubwa ya simiti na kuizamisha baharini.

Asubuhi tukinywa chai, nikamwonyesha picha ya mpira mmoja kwa simu.

Akavaa miwani. Akahesabu kwa kidole.

"Mwiitu wakwa, binti yangu, hii kitu iko na mashimo kumi na moja."

"Ndiyo, baba."

"Na ukawaachia watu hivyo?"

Jameni! Huyu mzee hajawahi kujenga tangi likavuja. Akamwambia mama amtafutie begi, twende wote Pwani akazibe hayo mashimo bure, kabla watu wajue mimi ni binti yake 😂

Wenye baba fundi, mnanielewa?

Nikamwekea video. Samaki mdogo akaingia shimo moja, akachungulia kwa lingine. Nikamweleza kwamba matumbawe ya pale yaliharibika, samaki wakahama, wavuvi wakabaki kuvuta nyavu tupu. Hizi ni nyumba tunawajengea warudi wazaane.

Baba akairudia hiyo video mara tatu.

Kisha akaenda kwa mkoba wake wa kazi, akarudi na mwiko wake wa plasta. Ule hata kaka zangu hawaruhusiwi kugusa.

Akaniwekea mkononi.

"Enda nao. Na uongeze mashimo, hiyo familia itakuwa kubwa."