Pua ya Bi Mwatima

Tangu usichana wake, Bi Mwatima wa mtaa wa Malindi, mjini, hajaonja chungu chake mchana wa Ramadhani, na mtaa mzima unalijua hilo kwa sababu yeye mwenyewe hachoki kulisema. Mpishi aliyefunga ana ruhusa ya kugusa mchuzi kwa ncha ya ulimi akatema, lakini kwa maoni yake ruhusa hiyo wamepewa wasiojua kupika. Yeye hunusa tu. Mvuke humwambia kama mdalasini bado, au kama karafuu imeanza kuleta uchungu. "Pilipili ikipiga kelele, iliki haisikiki," husema, na shoga zake huitikia kwa heshima, kisha wakaenda kuonja vyungu vyao.

Mwaka huu akashikwa na mafua. Maradhi hayana adabu: yalichagua siku ambayo wazazi wa Yusra, mke wa mwanawe Ayoub, walialikwa kutoka shamba, Matemwe, kuja kufuturu kwa biriani. Mama yake Yusra, Bi Mwanakheri, naye ni mpishi wa kutajika, na siku ya harusi Bi Mwatima alimtambia sana kwa pua hiyo. Sasa imeziba, na hakumwambia mtu.

Alasiri alisimama juu ya sufuria la rojo, akavuta pumzi, hakupata kitu. Akaongeza pilipili. Akavuta tena, kimya. Akaongeza tena. Ayoub aliyekuwa akipita ukumbini alikohoa mpaka akashika ukuta, na mama yake akamwambia apunguze maji ya barafu wakati wa daku. Yeye mwenyewe machozi yalimtoka, akavilaumu vitunguu. Lakini moyoni aliogopa, tena kweli.

Akaenda kuchukua mtindi. Aliporudi alimkuta Yusra kainamia sufuria, kijiko mdomoni, na hatemi.

Mwanamke asiyefunga kwa udhuru wake wa kike hula kwa kujificha, na nyumba nzima hujifanya haijui. Yusra aliganda kwa haya. Adabu ilimtaka Bi Mwatima ageuke kama hakuona. Badala yake aliingia, akafunga mlango wa jiko.

"Vipi?" akauliza kwa sauti ya chini.

Yusra akatazama sakafu. "Kali, mama. Iliki haisikiki kabisa."

Bi Mwatima akamkabidhi mwiko. Yusra akatia mtindi, akatia vitunguu vya kukaanga, akaponda iliki nyingine, akaonja, akatia tena mtindi, mpaka ukali ukarudi nyuma na harufu ikatangulia. Mama mkwe alisimama mlangoni asije mtu akaingia.

Magharibi wanawake walikaa upande wao na wanaume nyuma ya pazia. Bi Mwanakheri alikula, akaongeza. Kisha akakiri kwa sauti kwamba pua ya mwenyeji wake ni ya ajabu kweli.

Kusema kwamba kaonjewa ni kumvua nguo mtoto wa watu, baba yake anasikia. Kunyamaza ni wizi. Ilimuuma Bi Mwatima, maana sifa ile aliilea kuliko alivyomlea Ayoub.

"Mimi nna mafua, dada, sinusi kitu," akasema. "Kapika Yusra. Mwenye pua nyumba hii sasa ni mwanao."

Kisha akavuta sahani yake, akalimaliza biriani la mtu mwingine mpaka punje ya mwisho, na hakusikia ladha yake hata kidogo.